Mtoto Kazaliwa, Jinsi Bado Haijulikani: Mwongozo Kamili kwa Wazazi na Wakunga wa Mtwara na Lindi

Mtoto akishalia, swali ni lilelile, iwe Newala, Kilwa Kivinje au Mtwara mjini: "Kapata nini?" Bibi yuko nje ya mlango na kanga mkononi, baba keshashika simu, na jibu linalosubiriwa ni la neno moja. Mara nyingi neno hilo lipo. Lakini katika kila watoto 4,500 hadi 5,000 hivi, huzaliwa mmoja ambaye maumbile yake ya siri hayamruhusu mkunga kulitamka kwa uhakika. Mkunga wa hospitali kubwa atakutana naye zaidi ya mara moja katika utumishi wake. Mkunga wa zahanati anaweza kukutana naye akiwa peke yake, usiku, akimulika kwa tochi ya simu.

Nimefanya ukunga huku Kusini kwa miaka mingi, na nilichojifunza kwa uchungu ni kwamba tunakimbilia jambo lisilo na haraka huku lile linaloua tukiliacha lisubiri. Jinsi ya mtoto inaweza kungoja wiki kadhaa. Chumvi ya mwilini mwake haingoji. Hatua zinazofuata nimezipanga nikilifikiria hilo.

Kwanza, jina la hali yenyewe. Mtaani watasema "jinsi mbili", na wazee wa pwani wanalo neno "huntha". Wataalamu walikubaliana, katika tamko lililochapishwa mwaka 2006 baada ya mkutano wa Chicago, kuziita kasoro za ukuaji wa jinsi, na siku hizi wengi husema tofauti za ukuaji wa jinsi. Mimi nalipenda jina hilo kwa sababu linasema kweli. Mtoto mwenye viungo kamili vya kike na vya kiume kwa pamoja hatumwoni. Tunachoona ni safari moja iliyoishia njiani au iliyopitiliza. Tumboni, hadi wiki ya sita au ya saba, watoto wote wana mwanzo mmoja: kinundu kilekile huja kuwa uume au kinembe, mikunjo ileile huungana ikawa mfuko wa korodani au hubaki wazi ikawa mashavu ya uke. Homoni zikizidi, zikipungua, au mwili usipozisikia, umbo linabaki katikati. Hakuna aliyeloga wala laana ya ukoo, na mama hakula kitu kibaya. Mwambie hivyo mapema, kwa sababu saa hiyo hiyo anajilaumu.

Hatua ya kwanza: chunga ulimi

Usibahatishe. Ukitamka "dume" leo na kulirudisha kesho kutwa, familia haitakuamini tena, na mama atabeba maneno ya watu miaka mingi. Mpe mtoto wake kifuani, aanze kunyonya, kisha sema hivi: "Hongera mama, umepata mtoto, kalia vizuri na anapumua vizuri. Maumbile yake ya siri hayajakamilika kwa namna ya kuniwezesha kukwambia sasa hivi ni wa kike au wa kiume. Hali hii inajulikana, ina vipimo, na tutakwenda hatua kwa hatua." Halafu mwonyeshe. Mama akiangalia mwenyewe, mkono wako ukielekeza taratibu, hofu hupungua. Akifichwa, atafikiria makubwa zaidi.

Tumia neno "mtoto" au "mwanao". Kiswahili kimetupa zawadi hapa: "amenyonya", "analala", "anakojoa" hazisemi kike wala kiume. Mama anaweza kuzungumza juu ya mwanawe siku nzima bila kudanganya mtu.

Kwenye kitabu cha wodi na kadi ya mtoto, usijaze KE au ME kwa sababu tu kisanduku kipo. Andika "bado kuthibitishwa". Na tafadhali, simu zibaki mifukoni. Picha ya mtoto huyu haipelekwi kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi, hata kwa nia ya kuomba ushauri. Kama daktari wa mbali anahitaji kuona, mama aombwe ruhusa, sura isionekane, na picha iende kwake peke yake.

Nyumbani nani aambiwe? Wachache. Baba, bibi mmoja anayejua kunyamaza, na kwa wenzetu Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua, mjomba, kwa kuwa neno lake lina uzito na usipompa habari atazipata kwa njia mbaya. Wengine waambiwe: "Mtoto ana tatizo dogo la kimaumbile, madaktari wanamwangalia." Huo si uongo.

Hatua ya pili: mwangalie kwa mikono, si kwa macho tu

Mtoto awe na joto, mwanga uwe wa kutosha, mikono yako iwe na joto pia, maana ubaridi huzivuta korodani zikapanda juu. Papasa mfuko, kisha kinena cha kulia na cha kushoto. Kivimbe laini cha mviringo kilicho kwenye mfuko karibu kila mara ni korodani; mifuko ya mayai ya kike haishuki huko isipokuwa kwa nadra. Tafuta tundu la mkojo liko wapi: kwenye ncha, chini ya uume, au huko nyuma karibu na njia ya haja kubwa. Nyoosha uume taratibu na uupime kwa rula. Kwa mtoto aliyezaliwa baada ya mimba kutimiza miezi yake, chini ya sentimita 2.5 ni mdogo kupita kawaida. Tazama rangi: sehemu za siri na chuchu zenye weusi uliozidi ngozi nyingine zinaweza kuwa dalili ya tatizo la tezi zilizo juu ya figo. Hakikisha njia ya haja kubwa ipo.

Wanaotakiwa kupelekwa mbele ni hawa: mwenye kinembe kikubwa na mashavu yaliyoungana, mwenye tundu la mkojo chini ya uume na korodani moja au zote hazipo, mwenye uume mdogo sana, na anayeonekana msichana kamili lakini ana vivimbe kwenye kinena pande zote mbili, kwa kuwa vinaweza kuwa korodani. Wa mwisho ndiye anayetuponyoka zaidi: mtoto anayeonekana mvulana kabisa, uume wa kawaida, mfuko umekunjamana vizuri, ila ndani yake hamna kitu upande wowote. Huyo usimruhusu kwenda nyumbani na neno "zitashuka".

Kuna wawili wa kutotisha mtu. Njiti wa kike huonekana ana kinembe kikubwa kwa sababu mashavu hayajajaa mafuta, na mtoto aliyetanguliza matako anaweza kuvimba sehemu za siri kwa siku kadhaa. Mwangalie tena baada ya muda.

Muulize mama kwa upole, pasipo watu: kuna ndugu wa mtoto aliyefariki wiki za mwanzo akitapika na kulegea? Wazazi ni ndugu wa damu, kama binamu? Alitumia dawa zozote za homoni akiwa mjamzito? Sauti yake ilikuwa nzito au aliota ndevu wakati wa mimba? Kuna shangazi au mama mdogo ambaye hakuwahi kupata hedhi? Majibu ya maswali haya yanaweza kuwaonyesha madaktari pa kuanzia.

Hatua ya tatu: chumvi

Hapa nikusimulie. Kituo nilichokuwa nafanyia kazi sitakitaja. Alizaliwa mtoto wa kilo 3.2, mfuko mtupu pande zote, tukaandika ME. Siku ya saba akapewa jina, wakachinja mbuzi wawili wa akika. Siku ya kumi na mbili mama akarudi naye amemfunga kwenye kanga: anatapika kila anachonyonya, utosi umebonyea, ngozi ya tumbo ukiivuta inabaki imesimama. Nilimweka mzanini mwenyewe. Sindano ilisimama kwenye 2.5. Tukasema ni uambukizi, tukampa ampisilini na jentamaisini na dripu ya sukari. Alfajiri akafariki. Hakuna kipimo kilichofanyika, hivyo siwezi kuapa, lakini baadaye, nilipousoma ugonjwa huu, kila dalili niliyoisoma nilikuwa nimeiona kwake.

Ugonjwa wenyewe, ambao madaktari huuita CAH (congenital adrenal hyperplasia), ni wa kurithi, kutoka kwa baba na mama wote wawili. Tezi zilizo juu ya figo zinakosa kimeng'enya, aghalabu kile kinachoitwa 21-hidroksilesi, hivyo zinashindwa kutengeneza kotisoli ya kutosha. Ubongo unazisukuma zifanye kazi zaidi, na kinachomwagika ni homoni za kiume. Mtoto wa kike anazaliwa na umbo la kiume, kidogo au kabisa, huku ndani ana mfuko wa uzazi na mifuko ya mayai salama. Kati ya sababu zote za jinsi kutojulikana kwa mtoto mwenye kromosomu za kike, hii ndiyo inayoongoza. Robo tatu hivi ya wenye ugonjwa huu wanakosa pia homoni ya kushika chumvi. Sodiamu inatoka kwenye mkojo, potasiamu inapanda, sukari inashuka, na moyo unaweza kusimama. Mara nyingi hutokea kati ya mwisho wa wiki ya kwanza na wiki ya tatu, wakati mama keshatoka hospitali na yuko ndani, hajafika arobaini. Watoto wa kiume nao wanaupata, na wao hawaonyeshi kitu kwenye maumbile, ndiyo maana wengi hufa bila kutambuliwa.

Kwa hiyo, mtoto yeyote ambaye jinsi yake haijulikani na korodani hazipapasiki, mchukulie kuwa ana ugonjwa huu mpaka vipimo viseme vingine. Apimwe uzito kila siku, kwenye mzani uleule. Mtoto mchanga wa kawaida hupungua kidogo siku za mwanzo, kisha huanza kupanda na kurudia uzito wa kuzaliwa kufikia siku ya kumi au ya kumi na nne. Huyu hushuka na kuendelea kushuka. Sodiamu, potasiamu na sukari zipimwe, na zirudiwe mpaka mwisho wa wiki ya pili hata kama za kwanza zilikuwa nzuri. Majibu mazuri ya siku ya pili yasikupe usingizi.

Akija amelegea na anatapika, usisubiri majibu ya Dar es Salaam. Chukua damu kwenye chupa kama mshipa unapatikana, kisha mpe sindano ya haidrokotisoni (dawa inayoziba pengo la kotisoli) miligramu 25 kwenye mshipa au msuli, dripu ya maji ya chumvi ya asilimia 0.9 kwa mililita 10 hadi 20 kwa kila kilo, na sukari ya asilimia 10 kama sukari imeshuka. Usimpe dripu yenye potasiamu. Antibiotiki endelea nazo, kwani uambukizi unaweza kuwepo pia. Mtoto asiye na ugonjwa huu hadhuriki na dozi moja ya haidrokotisoni. Mwenye nao akiikosa anakufa. Hesabu hiyo haihitaji bingwa.

Hatua ya nne: rufaa

Siku ya kwanza au ya pili, akiwa bado mzima, aondoke zahanati. Kwa Mtwara kuna Ligula, Ndanda, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo. Kwa Lindi kuna Sokoine na Nyangao. Mganga apige simu kabla, aulize kama sodiamu na potasiamu zinapimwa siku hiyo na kama haidrokotisoni ya sindano ipo. Mama asipoteze nauli kwa kubahatisha. Barua ya rufaa iandikwe ulichopapasa, tundu la mkojo lilipo, na uzito wa kila siku. "Jinsi haijulikani" peke yake haimsaidii anayepokea. Mama aendelee kunyonyesha njiani.

Madaktari bingwa wa homoni za watoto wako Muhimbili, na familia nyingi zitaishia huko. Kutoka Mtwara ni zaidi ya kilomita 550. Afisa ustawi wa jamii wa hospitali anaweza kusaidia suala la msamaha wa gharama. Mwone kabla ya kusafiri.

Hatua ya tano: vipimo na maana yake

Ultrasaundi inatafuta mfuko wa uzazi. Kwa mtoto mchanga huonekana kwa urahisi kuliko atakapokuwa na mwaka mmoja, kwa sababu homoni za mama zimeukuza. Kipimo cha damu cha 17-hidroksiprojesteroni ndicho kinachotambua ugonjwa wa tezi niliousimulia. Kikichukuliwa kabla ya saa 48 kinaweza kupotosha, kwani watoto wote huwa nayo juu wanapozaliwa. Kipimo cha kromosomu kinaonyesha XX (kwa kawaida ya kike), XY (kwa kawaida ya kiume) au mchanganyiko, na majibu yake huchukua muda mrefu zaidi.

Kromosomu si hukumu. Yupo mtoto mwenye XY ambaye mwili wake hausikii kabisa homoni za kiume: anazaliwa msichana kwa umbo, anakua msichana, na wengi wao hujiona wanawake maisha yao yote. Ukimwendea mama na karatasi ya XY ukamwambia "huyu ni mwanaume", umemjeruhi kwa kutumia ukweli nusu.

Hatua ya sita: kuamua atalelewa kama nani

Uamuzi unakaliwa na wazazi pamoja na daktari wa watoto, daktari wa upasuaji, mtu wa maabara akihitajika, na mtu wa kuzungumza na familia. Wazazi wamo kama wenye mtoto, si wasikilizaji. Kinachotazamwa ni sababu ya hali yenyewe, kile ambacho watu wazima wenye sababu hiyo wamekuja kusema juu yao, uwezekano wa kuzaa, na jinsi mwili utakavyobadilika wakati wa kubalehe. Msichana mwenye ugonjwa wa tezi na kromosomu XX kwa kawaida hulelewa msichana, na akitibiwa anaweza kuja kuzaa. Mwenye uume mdogo na korodani zinazofanya kazi hulelewa mvulana. Mwenye XY anayekosa kimeng'enya cha kukamilisha homoni ya kiume huonekana msichana utotoni, kisha akibalehe sauti inakuwa nzito na uume unakua. Wengi wa hao hugeuka kuwa wanaume, kwa hiyo siku hizi wengi hushauri alelewe mvulana tangu mwanzo. Mwenye tishu za korodani na za mifuko ya mayai pamoja huamuliwa mmoja mmoja.

Uamuzi huo ni makadirio mema tu. Zamani madaktari waliamini kwamba jinsi ni malezi tu. John Money wa Johns Hopkins, Marekani, aliwashauri wazazi wa David Reimer wa Kanada, aliyezaliwa mvulana kamili mwaka 1965 na kuharibiwa uume katika tohara, wamlee kama msichana. Hakuukubali usichana huo hata siku moja. Alipoambiwa ukweli katika ujana wake alirudi kuishi kama mwanamume, na mwaka 2004 alijiua. Watoto wetu wana hali tofauti na yake, lakini kisa hicho kiliwafundisha wataalamu kuacha kujiamini kupita kiasi. Mtoto akikua akasema mwenyewe kwamba mlikosea, msikilizeni.

Siku ya saba italeta shinikizo. Ongeeni na shehe mapema. Fiqhi inamjua huntha tangu kale, pamoja na yule ambaye hali yake ni tata na husubiriwa mpaka ibainike, na akika ikivuka siku ya saba haijaharibika. Padri au mchungaji naye anaweza kungoja. Kama jina lazima litoke, yapo yanayobeba pande zote: Riziki, Baraka, Amani, Tumaini, Furaha.

Hatua ya saba: kisu kikae mbali

Asitahiriwe. Hili nawaambia kina mama wa huku kwa msisitizo, maana jando kwetu ni jambo kubwa na wengine siku hizi hutahiri watoto wakiwa wachanga. Tundu la mkojo likiwa chini ya uume, ngozi ile ya mbele ndiyo anayoitumia daktari wa upasuaji kulijenga upya, mara nyingi kati ya miezi sita na kumi na minane. Ikishakatwa, haipatikani tena. Korodani ambazo hazijashuka nazo hushushwa kwa upasuaji kabla ya miezi kumi na minane.

Upasuaji wa kupunguza kinembe ili tu umbo lipendeze ni jambo jingine. Kinembe kina mishipa ya hisia, na hisia iliyokatwa hairudi. Msimamo wangu ni kwamba mkojo ukipita na mtoto akiwa na afya, jambo hilo limngoje mwenyewe aje aseme. Kinachoharakishwa ni mkojo uliozibwa, au tishu ambayo daktari ameona ina hatari ya saratani. Najua kina mama mnaogopa macho ya watu wakati wa kumwogesha, na baadaye unyagoni. Chagua mtu mmoja wa kumwogesha, na ukifika wakati wa unyago, zungumza na kungwi unayemwamini miezi kadhaa kabla.

Hatua ya nane: cheti

Kizazi kinatakiwa kusajiliwa ndani ya siku 90, na kwa walio chini ya miaka mitano RITA imesogeza usajili hadi kwenye vituo vya afya na ofisi za watendaji wa kata. Siku 90 zinatosha kusubiri vipimo, zitumieni. Mkishindwa kupata majibu kwa wakati, nendeni mkaulize ofisi ya RITA ya wilaya mkiwa na barua ya daktari, badala ya kujaza kwa kubahatisha.

Hatua ya tisa: dawa nyumbani

Mwenye ugonjwa wa tezi atakunywa haidrokotisoni mara tatu kwa siku maisha yake yote, na fludrokotisoni kama anapoteza chumvi. Kidonge cha miligramu 10 ni kikubwa mno kwa mtoto mchanga, hivyo mfamasia akisage na kukigawa kwenye vipakiti vidogo vyenye dozi sawa. Mwaka wa kwanza huongezewa na chumvi kidogo, iliyopimwa na mfamasia, igawanywe kwenye vipindi vya kunyonya. Usibadilishe kwa prednisoloni kwa sababu ndiyo iliyopo dukani. Humdumaza mtoto urefu.

Akipata homa, malaria au kuharisha, kila dozi ya haidrokotisoni huongezwa siku hizo kuwa mara mbili au tatu ya ile ya kawaida, kama daktari alivyowaandikia. Akitapika kila dozi, ni sindano, na ni sasa hivi, hata kama ni saa nane usiku. Andika kwenye karatasi ngumu jina la ugonjwa, dozi na maneno "haidrokotisoni ya sindano kwanza", ikae ndani ya kadi ya kliniki ili muuguzi asiyewajua aikute.

Na wekeni akiba ya dawa ya mwezi mmoja isiyoguswa. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam ilikatika pale Somanga na magari yakakwama pande zote mbili. Mtoto huyu hawezi kukaa siku tatu bila kidonge akisubiri kalavati lijengwe. Ukifungua kopo la akiba, siku hiyohiyo mpigie simu anayewanunulia dawa mjini atume jingine kwa basi.